Macho Yanayokimbia Chini ya Kope

Watu wa mtaa wetu hapa Kasongo hucheka nikisema nimestaafu. Mstaafu kwao ni mzee mwenye mvi, mwenye kiti chake mbele ya nyumba, anayeamkiwa na kila apitaye. Mimi sina hata unywele mmoja mweupe, na mama yangu bado ananituma sokoni. Lakini kazi niliyoifanya tangu usichana wangu imekwisha, tena imekwisha vizuri. Ugonjwa wa malale umepungua kwetu, kikosi chetu kilichozunguka vijijini kimevunjwa, na vipimo vimekabidhiwa ninyi mlio kwenye vituo vya afya. Ninyi ndio ninaowaandikia. Mmesoma shule ya uuguzi, mimi sikusoma. Nilijifunza kwa kuosha vyombo, kwa kuuliza maswali mpaka watu wakanichoka, na kwa vitabu vya zamani vya Kifaransa ambavyo panya walikuwa wamekula kurasa za mwisho. Kwa hiyo magonjwa mengi nayajua yanavyoanza, siyajui yanavyokwisha.

Niseme mapema kwamba mimi ni mtu wa hofu. Nikifunga mlango, narudi kuusukuma nione kama umefungika. Sentensi iliyo juu ya hii nimeiandika na kuifuta mpaka karatasi ikatoboka. Mkiona mahali nimeeleza jambo kupita kiasi, mjue hapo ndipo nilipoogopa zaidi.

Siku yangu ya kwanza nilipewa vioo vidogo vya kuchunguzia damu, nivioshe. Aliyenipa alikuwa Papa Amuri, muuguzi mkuu wa kikosi, mtu wa upande wa Kabambare, mnene, mwenye kicheko kinachoanzia tumboni. Nilikiosha kioo, nikakikausha, nikakiinua juani, nikaona alama ya kidole. Nikakiosha tena. Alama ilikuwa ya kidole changu mwenyewe, nilichokishikia, kwa hiyo kila nilipokikagua nilikichafua upya. Papa Amuri alinitazama kwa muda mrefu akila karanga.

"Riziki, mutoto yangu," akasema, "ile kioo iko safi. Ukiosha tena itakwisha."

"Papa, kama doa litabaki, watasema ni mdudu."

"Basi shika kwa pembeni. Kazi yote iko vile: ujue mahali pa kushikia."

Alinifundisha kusimama nyuma ya mtu na kupapasa tezi za shingo, ambazo malale huzivimbisha, kwa mikono miwili, taratibu, kama unayemfunga kilemba. Alinifundisha kugeuza kioo cha hadubini kifuate jua, kwa sababu umeme tulikuwa tukiusikia kwa majirani tu. Alinifundisha kwamba mtu aliyeletwa na ndugu zake kwa sababu ya "uvivu" apimwe kabla ya wote, na aliyeletwa kwa sababu ya "majini" apimwe pamoja naye. Njia ya Kabambare tuliijua kwa matope yake, na vivuko vyake tulivijua kwa mbung'o, yule inzi mkubwa anayeleta ugonjwa huu, ambaye huuma hata juu ya nguo. Papa Amuri alisema mbung'o ndiye pekee asiyewahi kukosa siku ya kazi.

Sasa nieleze jinsi nilivyoanza kutazama macho.

Tulikuwa na mgonjwa kutoka machimbo ya Lusangi, mwanamke aliyenunua dhahabu kwa wachimbaji. Alikuwa mgeni katika jimbo letu la Maniema, na hakuwa na ndugu wa kumwuguza. Alikuwa akisinzia mwiko ukiwa mkononi, bukari, ugali wetu, ikiwa motoni. Niliambiwa nikae kando ya kitanda chake mchana ili asianguke. Mtu mwingine angesuka ukili. Mimi nilihesabu pumzi zake, kwa sababu niliogopa atakufa zamu yangu. Siku moja alifumba macho katikati ya maneno, na mara hiyo hiyo nikaona kope zake zinatikisika. Chini ya ngozi ile nyembamba, kitu cha mviringo kilikuwa kikikimbia kulia, kushoto, kulia, kikisimama, kikikimbia tena. Nilitoka mbio.

"Papa! Anakufa! Macho yanakimbia ndani!"

Papa Amuri alikuja, akainama, akacheka. "Anaota, Riziki. Kila mutu akiota macho inatembea. Hata wewe."

"Lakini amelala sasa hivi! Nilikuwa naongea naye!"

Hapo kicheko kilikatika. Akainama tena, safari hii kwa muda mrefu. "Sasa hivi?" akauliza. "Kweli?"

Hakunieleza yote, kwa sababu hakuyajua yote, na hilo nililipenda kwake. Alisema tu kwamba ndoto ina zamu yake, na kwamba kwa wagonjwa hawa zamu imevurugika. Mengine nilikwenda kuyatafuta. Nilisoma vitabu vile vya panya, na mahali simu iliposhika mtandao nilisoma kwenye simu, neno moja moja, na kamusi kando. Nawapa nilichokielewa, na nimekihakikisha kadiri mtu kama mimi anavyoweza kuhakikisha, yaani kupita kiasi.

Mtu mzima mwenye afya akilala, macho yake mwanzoni hutulia, au huzunguka polepole kama mtumbwi uliofungwa kamba ukingoni mwa mto Lualaba. Hukaa hivyo muda mzuri. Baadaye huja kipindi cha ndoto nyingi, na hapo macho huanza kuruka. Amri haitoki machoni. Hutoka chini ya ubongo, kwenye shina lake, pale ubongo unapoingia shingoni. Huko kuna seli ambazo kipindi hicho kikifika hurusha amri juu, kwenye misuli midogo inayovuta jicho huku na huku. Jirani na seli hizo kuna nyingine zinazofanya kinyume: zinapeleka amri chini, kwenye uti wa mgongo, mikono na miguu ilegee, mtu asiinuke kuifuata ndoto yake akajigonga ukutani. Pumzi inaachwa. Macho yanaachwa. Vingine karibu vyote vinafungwa. Nilikuwa nimedhani kulala ni kama kuzima taa. Kumbe ni kama duka la baba yangu saa ya swala: mlango umeegeshwa, lakini ndani kuna mtu anapanga mizigo.

Kwa nini macho yaruke? Wengine wanasema yanatazama ndoto, yanamfuata anayepita ndani yake. Wengine wanasema hayatazami chochote, ni mvua ya amri tu inayoyanyeshea. Wataalamu bado wanabishana, nami sitawaamulia.

Kwa mgonjwa wa malale, mdudu akishaingia kwenye ubongo, mpangilio huu huharibika. Usiku anakesha, mchana anaanguka usingizini, na mara nyingi akifumba tu macho anaingia moja kwa moja kwenye kipindi cha ndoto, kama mgeni anayepita sebuleni bila kubisha hodi na kujikuta chumbani. Ndicho nilichokiona kwa yule mama. Alitibiwa, akapona, akarudi Lusangi na sauti yake kubwa.

Tangu hapo nikawa nawatazama watu wote wakilala. Baba akisinzia nyuma ya kaunta, nilimwinamia. Abiria akilala kwenye boti ya Nyangwe, nilimwinamia. Shangazi yangu alifumbua macho siku moja akakuta pua yangu juu ya pua yake, akapiga kelele mpaka majirani wakaja. Kikosini wakaniita Mama Macho. Papa Amuri hakunizuia, ila alinionya kwa maneno ambayo nataka myashike. "Macho haiko kipimo," alisema. "Hata mutu mwenye kuchoka sana anaweza kuingia ndoto mbio. Macho inakutuma tu kupapasa shingo. Haikujibu."

Ramadhani moja, macho yalinituma kwa Maalimu Sumaili.

Wengi wenu mnamjua. Alikuwa na chuo cha Korani nyuma ya soko, paa la nyasi na nguzo nne, na shamba la mihogo upande wa Nyangwe, karibu na mto. Mimi mwenyewe nilisoma kwake herufi za kwanza, alifu na be. Alikuwa mpole, mwenye kidevu kirefu, na zamani alisifika kwa kitu kimoja kisicho sifa: usingizi mzito. Mkewe, Mama Zaina, alikuwa akisema kwamba daku akiliandaa, huliandaa mara mbili, mara ya kwanza kwa sahani na mara ya pili kwa kumwagia mumewe maji.

Ramadhani hiyo mji mzima ulisema Maalimu amebadilika. Taa yake haizimwi. Usiku anasimama kuswali, na mchana, kwa uchovu wa ibada, anasinzia mbele ya wanafunzi. Na kwetu mnajua adabu yake. Aliyesinzia mchana wa Ramadhani haamshwi, kwa sababu huenda amekesha na Mola wake. Pale chuoni watoto wakimwona ameinamisha kichwa hupaza sauti zaidi, ili mpita njia asikie kisomo na asijue kwamba mwalimu amelala. Ni adabu nzuri. Nimelelewa ndani yake. Sijui mji mwingine ambao ungemfunika mtu vizuri hivyo, na ndiyo maana hakuna aliyemwona.

Nilipita pale alasiri, nimetumwa na mama kununua sukari. Kisomo kilikuwa kikubwa mno. Nikachungulia. Maalimu alikuwa anawasahihisha watoto, akasema, "Rudia hapo, vuta..." na neno halikufika mwisho. Kichwa kiliangukia nguzo. Tasbihi iliteleza kutoka vidoleni ikadondoka mkekani. Na kope zikaanza kutikisika papo hapo.

Nilisimama na sukari yangu. Nitakuwa mkweli: nilitaka kuondoka. Nani mimi, binti wa muuza duka, mwosha vioo, nimwambie Maalimu wangu kwamba usingizi wake si wa ibada? Na kama nimekosea? Nilijiambia ni uchovu wa funga. Nilijiambia mengi. Kisha nikazunguka nyuma ya nyumba, nikamkuta Mama Zaina anachagua mchele.

"Mama, shikamoo. Maalimu iko na maumivu yoyote?"

Alinitazama juu ya ungo. "Nani amekutuma?"

"Hakuna mutu."

Akaendelea kuchagua. Halafu akasema, sauti chini, "Ilianza mbele ya Ramazani. Watu wanasema ibada, mimi nanyamaza. Mwanamke akikatala ibada ya bwana yake, atasemwa. Lakini juzi aligonga mukono kwa mulango, kidogo tu. Alilia, Riziki. Alilia kama mutoto mudogo. Ile haiko ibada." Nami nilijua: mgonjwa wa malale akigongwa kidogo tu huumia kupita kiasi.

Siku iliyofuata alimleta kituoni. Alimdanganya kwamba yeye ndiye anayeumwa na anaogopa kwenda peke yake. Nilisimama nyuma ya Maalimu, nikamwomba radhi, nikapapasa. Tezi zilikuwepo, upande wa nyuma wa shingo, laini, zikiteleza chini ya vidole. Papa Amuri alichoma sindano kwenye tezi akavuta tone la maji, akaniachia hadubini. Nilitazama. Nikafuta lenzi, nikatazama tena. Nikamwita Papa Amuri, akatazama, akanikabidhi tena kiti. Katikati ya seli, mdudu mwembamba alikuwa anajinyonganyonga na kusukuma kila kilicho mbele yake.

Maalimu alisikiliza maelezo yote ameinamisha kichwa, na kwa muda nilifikiri amelala. Hakuwa amelala.

"Amuri," akasema, "mimi na wewe tunajuana zamani. Unajua nilikuwa mutu wa kulala. Maisha yangu yote nimefundisha watoto juu ya swala ya usiku, na mimi mwenyewe nalala kama gogo. Niliona haya. Nilimuomba Mungu aniamushe. Miaka, nilimuomba. Mwaka huu akaniamusha." Akainua kichwa. "Sasa unaniambia ni mududu?"

Papa Amuri akaitikia kwa kichwa.

"Dawa inatibu nini?" Maalimu akauliza. "Itanirudishia usingizi?"

"Itakurudishia," Papa Amuri akasema.

"Basi ngojeni Idi ipite. Niachieni huu mwezi. Huu mumoja tu."

Mama Zaina alianza kulia bila sauti. Sisi wa kikosi tulijua kungoja ni nini. Mdudu akishaingia kichwani, kila wiki hula kitu ambacho dawa haiwezi kukirudisha. Lakini huwezi kumfunga mtu mzima kitandani, na huwezi kumwambia mtu kama yule kwamba alichopewa ni takataka. Mimi sijui kusema mbele za watu. Nikifanya haraka ninakosea, na nikikosea sisahau. Nilifanya nilichojua kufanya: niligeuza kioo cha hadubini kikapata jua, nikamwomba Maalimu aje atazame mwenyewe.

Alikunja kanzu yake akainama. Alikaa pale muda mrefu, jicho moja limefumbwa.

"Haka?" akasema mwishowe. "Haka kadudu ndiko kananiamusha?"

"Ndiyo, Maalimu."

"Kadogo hivi."

Sikulipanga jibu. Lingekuwa limepangwa, lisingetoka kamwe. "Maalimu," nikasema, "kadudu inaweza kumuamusha mutu. Kutawaza kwa swala haijue."

Hakuinua kichwa. Niliogopa nimekufuru. Nilianza kuomba radhi, na Papa Amuri akanikanyaga mguu.

"Ni wewe ulienda kwenye birika," nikaendelea, kwa sababu nilikuwa nimeshaharibu. "Wagonjwa wengi wanaamka usiku. Wengine wanazungukazunguka uwanjani. Wengine wanagombana na wake zao. Wewe ulitawaza."

Mama Zaina akapangusa uso kwa pembe ya kanga. "Na mimi," akasema, "bwana wa kuswali usiku nitamupata wapi kama atakufa? Lala, Sumaili. Nitakuamusha mimi. Maji haijakosa kwa hii nyumba."

Hapo Maalimu alicheka. Kicheko chenyewe kilikatwa katikati na usingizi, kichwa kikaanguka mbele ya hadubini, nasi tukamshika.

Alikubali kutobolewa mgongo kwa sindano, jambo ambalo wanaume wenye misuli mikubwa kuliko yake wamelikimbia kupitia dirishani. Maji ya mgongo yalionyesha kwamba mdudu alikuwa ameingia, lakini alikuwa hajaharibu sana. Tuliweza kumpa vidonge, dawa mpya ya kumeza, ambayo lazima imezwe na chakula, muuguzi akishuhudia. Ndipo suala la funga lilipokuja. Wazee wa msikiti walimwambia mgonjwa ana ruhusa. Akajibu anajua, ndiye aliyewafundisha watoto wao. Papa Amuri alimaliza mjadala. "Hii dawa inataka tumbo lenye chakula mara moja kwa siku," akasema. "Haijauliza jua liko wapi."

Kwa hiyo Mama Zaina alileta wali na maharage kabla ya magharibi, adhana ikilia Maalimu akafungua kwa tende na maji, akala, na Papa Amuri, Mkristo, akasimama na vidonge mkononi kama mtumishi wa sultani. Siku mbili Maalimu alizidiwa na kichefuchefu, akala mchana, na hakuna aliyemsema. Mimi nilikuwa nakagua mdomo wake baada ya kumeza, juu ya ulimi na chini ya ulimi, mpaka akaniuliza kama natafuta alifu niliyoipoteza utotoni.

Kisha nilikaa kando ya kitanda chake nikatazama. Mwanzoni macho yalikuwa yakiruka mara tu anapofumba. Baadaye, sikumbuki ilikuwa siku gani na ninajilazimisha kuliacha hivyo, alilala wakati wa adhuhuri na macho yakatulia. Nilingoja. Yakazunguka polepole, yakatulia tena. Sikumwita mtu. Nilikaa tu nikiyaangalia yakiwa hayafanyi kitu.

Ramadhani ya mwaka uliofuata nilikwenda kumsalimu, kumpapasa shingo na kumwuliza maswali ya ukaguzi. Chuo kilikuwa wazi, watoto wanasoma kwa sauti ya kawaida, naye yuko macho, anawachapa kwa maneno. Mtaani hakuna tena aliyesifia taa yake. Nilimwuliza anavyolala.

"Kama gogo," akasema. Mama Zaina, mlangoni, alithibitisha kwa kichwa. "Mama Zaina anamwaga maji, mimi nageukia upande ingine. Siku mingi nashindwa, Riziki. Mbili, tatu kwa wiki ndiyo nasimama."

Nilisema pole.

"Pole ya nini?" akasema. Alimsahihisha mtoto mmoja aliyekosea, akamngoja arudie, kisha akanigeukia. "Sasa nikiamka, najua nani ameamka."